Siku Niliyoziba Midomo ya Nyumba ya Mama

Hapa Ruiru watu wengi wananiita Tepu, na wageni hudhani ni kwa sababu niliwahi kuwa fundi wa nguo au mpima mashamba, nami huwaacha wadhani hivyo hivyo, maana ukweli wenyewe una aibu ambayo sijaizoea mpaka leo. Lakini kwa kuwa leo tuko wenyewe, na dada yangu Wangari keshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo (mwacheni, yeye ana haki), nitawaeleza ilivyokuwa. Ni habari ya mtu mzima aliyekwisha kuanza kunyoa ndevu, mtu wa kanisani, aliyeikimbia nyumba ya mama yake saa nane ya mchana mbele ya majirani wote, huku ameshika mwisho wa tepu ya serikali.

Wakati huo tulikaa Thika, sehemu ya chini karibu na mto Chania. Baba alikuwa mkata mawe katika machimbo ya njia ya Juja, na mama alikuwa kipofu. Hakuzaliwa hivyo, macho yalimuuma msimu mzima wa mvua, yakatoka maji, mwisho yakafunga, nami nilikuwa na miaka kama saba, Wangari akiwa mgongoni. Watu walimshauri baba atafute msichana wa kumshika mama mkono. Baba alikataa, akasema atamjengea nyumba itakayomshika mkono yenyewe.

Hakuchora chochote. Alichimba msingi, kisha akafumba macho kwa kitambaa akawa anatembea humo ndani siku nyingi baada ya kazi, na kila alipojigonga aliweka alama. Mawe aliyaleta mojamoja kutoka machimboni, yale yaliyokataliwa na wanunuzi kwa kuvunjika pembe. Kila kizingiti alikiwekea jiwe la namna yake, la jikoni lina mikwaruzo, la chumba cha kulala limesuguliwa laini, la mlango wa nje lina shimo dogo katikati, ili mguu wa mama ujue ulipo. Ukutani, usawa wa mkono wake, alichonga mfereji unaozunguka nyumba nzima, na ukiufuata kwa vidole utafika popote. Na juu kabisa, chini ya paa, akapachika chupa.

Chupa hizo ndizo zilizoniangusha, kwa hiyo niwaeleze vizuri. Aliziokota kwenye jalala la klabu ya wazungu, akazikata matako, akazilaza ndani ya ukuta, shingo nje, tumbo ndani, hata upepo ukivuma unapita humo na chupa inatoa sauti. Upande wa mto aliweka chupa kubwa zenye sauti nene, upande wa barabara ndogo zenye sauti nyembamba, hivyo mama akisikia tu alijua ameelekea wapi. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake pembeni na kusema, "Leo mto unaongea, anikeni nguo mapema." Chupa moja tu, ile iliyokuwa juu ya pembe yake hasa, haikutoa sauti tangu nipate akili. Mama aliiita mvivu.

Baba alifariki machimboni, jiwe lilishuka. Mimi nikaacha shule darasa la tano, nikaingia kiwanda cha kutia mananasi mikebeni. Miaka michache baadaye mama naye akafuata, na hapo ndipo nyumba yetu ilipoharibiwa jina. Nyinyi mnajua desturi yetu ya zamani: mgonjwa akizidiwa hutolewa nje, maana akikata roho ndani nyumba inaingia thahu, yaani unajisi, na nyumba yenye thahu huachwa ianguke. Lakini zilikuwa nyakati za kafyu. Mama alizidiwa giza likiwa limeingia, na kumtoa nje ilikuwa ni kumpeleka kwenye bunduki. Akafia ndani, kwenye pembe yake, mkono ukutani.

Majirani walisubiri tuhame. Hatukuhama. Tungehamia wapi, watoto wanne, mkubwa akiwa mimi? Mchungaji akaja akaomba, tukafagia, tukaendelea kuishi. Lakini upepo ulipovuma na nyumba ikaanza kuguna, watu walikatiza njia nyingine. Mama Njeri, jirani yetu wa karibu (hana ubaya, ila mdomo wake hauna mlango), alikuwa akinisimamisha kisimani kuniambia, "Kamau, jana mama yako aliongea mpaka jogoo wakawika." Mimi nilikuwa nacheka. Nilisema hadharani, tena kanisani, kwamba ni hewa na vioo, na kwamba mtu anayeogopa chupa ni mtoto. Yakumbukeni maneno hayo.

Sasa ikaja amri kwamba eneo lile lote litavunjwa, kiwanda kinataka ardhi. Mwenye nyumba ya mawe inayokaliwa angepewa kiwanja huku Ruiru ajenge upya. Mwenye kibanda, au nyumba iliyoachwa, angeondoka na vyombo vyake tu. Atakuja mpimaji kutoka Nairobi kukadiria thamani ya kila nyumba, na mzee wa mtaa atatoa ushahidi kwamba kweli watu wanaishi humo. Kwetu maana yake ilikuwa moja. Bila kiwanja, Wangari angekwenda kwa shangazi Murang'a, wale wawili wadogo wangegawanywa kwa wajomba ambao hata majina yao walikuwa hawayajui, nami ningebaki na kitanda kiwandani. Niliahidi kaburini kwa mama kwamba hatutatawanyika. Ahadi yangu yote ikawa imelala juu ya karatasi ya mtu nisiyemjua na ulimi wa Mzee Gathogo, mzee wa mtaa wetu, ambaye tangu mama afariki hakuwahi kuvuka kizingiti chetu hata kunywa maji.

Asubuhi ya siku yenyewe (ulikuwa mwezi wa saba, baridi na ukungu) niliangalia juu nikaona miti imeanza kuyumba. Nikajiambia, Kamau, nyumba hii ikiguna mbele ya Gathogo, mmekwisha. Basi nikafanya uamuzi mdogo tu, mdogo kabisa. Nikachukua magunzi ya mahindi, nikayavingirisha kwenye udongo mbichi, nikapanda ngazi, nikaziba chupa zote kwa ndani. Zote isipokuwa ile ya pembe ya mama. Magunzi yaliniishia, na ile mvivu haina habari, nikaiacha.

Wangari alisimama jikoni ananiangalia. Aliniambia, "Baba hakuziweka hizo ili zinyamaze." Nikamwambia akachemshe chai.

Mpimaji alifika baada ya chakula cha mchana. Alikuwa Mgoa mwembamba mwenye miwani, na watu walikuwa wameshampa jina la Bwana Futi, kwa sababu hakuwa akisema kitu kingine nyumba hadi nyumba. Nyuma yake walifuatana majirani kama vile ni arusi. Mzee Gathogo alikuja na kofia yake ya manyoya na mkongojo, akasimama nje ya mlango, akatega sikio. Nyumba kimya. Akatega tena. "Imenyamaza," akasema, si kwangu, kama mtu anayejisemea. Kisha akainua mguu, akavuka kizingiti, na moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Furaha hiyo ndiyo iliyonilegeza ulimi. Bwana Futi aliponipa pete ya shaba ya mwisho wa tepu niishike, nikajiona nami ni ofisa. Akauliza kwa nini mawe ya vizingiti hayafanani. Ningeweza kusema ukweli kwa maneno matano. Nikasema ni mtindo wa kisasa. Akapitisha kidole kwenye ule mfereji wa ukutani, nikasema baba aliuchonga tayari kwa waya wa stima (stima, jamani, mahali ambapo hata mafuta ya taa tulinunua kwa kibuyu). Akainua uso akaona ncha za magunzi zimejipanga chini ya paa, akauliza, "Na hayo?" Nikamjibu kwamba tunahifadhi mbegu. Alinitazama juu ya miwani. Akaandika kitu kifupi.

Upepo ukazidi. Nikaona dirisha linatikisika, nikalifunga. Nikafunga na mlango, eti vumbi lisimsumbue Bwana Futi. Chumba kikaingia giza la saa moja jioni, tukawa watu wanne humo ndani, mimi nimeshika pete karibu na mlango, Bwana Futi katikati na kasha la tepu, Mzee Gathogo ubavuni pake, na Wangari kwenye kizingiti cha jikoni na birika mkononi.

Kwanza ilikuwa pumzi. Nyumba ilivuta hewa ndani, kama mtu anayetaka kusema jambo kisha akasita. Nikakohoa kuifunika sauti ile. Mzee Gathogo akageuza kichwa polepole. Gunzi moja likajitoa ukutani likamwangukia kofiani, puu, akalishika akaliangalia kama mtu aliyepewa barua. Wala hapo sikukimbia. Nawaomba mniandikie hilo.

Kisha ikatoka sauti kwenye pembe ya mama. Haikuwa ule mguno wa chupa niliouzoea tangu utotoni. Ilianza chini, ikapanda, ikavunjika katikati, halafu ikamalizikia juu, vile vile alivyokuwa akituita tukichelewa mtoni. Sisemi ilitaja jina langu. Nasema tu kwamba mimi niliyesimama pale nilijua ni mimi ninayeitwa, kama unavyojua usingizini kwamba mtu amesimama juu yako.

Nilipiga yowe. "Maitu!" Ndivyo nilivyomlilia mama, mtu mzima, kwa lugha ya mtoto. Nikafungua mlango kwa bega nikatoka, na pete ya shaba bado nimeikamata kama roho yangu, hivyo tepu nayo ikatoka, ikamzunguka Mzee Gathogo magoti, ikamkalisha chini, ikamvuta Bwana Futi hadi akapiga magoti kwenye majivu ya jiko, na kasha likamponyoka likanifuata nyuma likirukaruka kama mbwa aliyefungwa mkebe mkiani. Watu waliokuwa nje walipomwona mwenye nyumba anatoka namna ile hawakuuliza, nao wakakimbia. Nilipita juu ya maharagwe ya Mama Njeri yaliyoanikwa kwenye gunia, nikateleza, nikatumbukia kwenye shimo la maganda ya viazi hadi kiunoni.

Nikiwa humo shimoni ndipo nilipokumbuka kwamba Wangari hakutoka.

Watu walianza kurudi mmojammoja, kwanza kwa woga, halafu mtu akaona ile tepu imenyooka kutoka mlangoni mpaka shimoni, na kicheko kikaanza. Kilikuwa kicheko kirefu sana. Mama Njeri alisimama ukingoni, mikono kiunoni, akanitazama na maharagwe yake yakiwa yamenigandia magotini. Akasema, "Kamau, kama ni mama yako anakuita, si uitike?"

Nilirudi nikikunja tepu mkononi, futi baada ya futi, na sijapata kuona njia ndefu kama ile. Kutoka ndani nilisikia magunzi yakidondoka, moja, la pili, la tatu. Wangari alikuwa juu ya ngazi anayatoa, na kila alipotoa moja, sauti moja ya nyumba ilirudi, ya barabarani, ya mtoni, mpaka zote zikawa zinaguna pamoja kama zamani. Chini yake Bwana Futi alikuwa amevua miwani na kufumba macho. Dada yangu alikuwa amemweleza ukweli wote niliouficha, kisha akamwambia afumbe macho ajionee. Nikamwona akienda na vidole kwenye mfereji, akigusa vizingiti kwa unyayo (alikuwa amevua na viatu), kutoka mlangoni hadi kitandani, kutoka kitandani hadi jikoni, mpaka akafika kwenye kigoda cha mama akakaa. Akafumbua macho.

"Sikujigonga," alisema. Alisema hivyo kwa mshangao, kama anayemshtaki mtu.

Halafu akavaa miwani akachukua karatasi. Akatuambia kwamba amepima nyumba nyingi ambazo wenyewe walijivunia, ila karatasi yake haina nafasi ya chupa wala ya mfereji. Inauliza ukuta, paa, na kama watu wanakaa. Ukuta ameuona. Paa la madebe si kitu lakini lipo. Lililobaki si lake. Akamgeukia Mzee Gathogo.

Mzee alikuwa nje tena, anapangusa kofia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema, "Nimesimama ndani kwa sababu kijana huyu anasema ndani hamna kitu. Kisha nimemwona mwenyewe akitoroka. Nyumba iliyotorokwa na mwenyewe imekufa, na mimi siwezi kushuhudia maiti kwamba inaishi."

"Guka, mimi sikutoka," Wangari akamwambia, akimwita babu kwa heshima.

"Wewe ni msichana, utaolewa uende. Mwenye nyumba ni huyu wa shimoni."

Watu wakacheka, lakini kidogo, maana sasa walielewa kinachopotea. Wale wadogo wawili walikuwa wamesimama wameshikana mikono karibu na ukuta. Nilikuwa nimesema maneno mengi sana siku ile na yote yalikuwa ya uongo.

Bwana Futi ndiye aliyeniokoa, na hata sijui kama alikusudia. Alinyoosha mkono apewe tepu yake, akaifuta kwa leso, akasema kwa sauti kavu ya kazi kwamba ukuta mmoja haukumalizika kupimwa, ule wa kutoka dirishani hadi pembe ya mwisho, na anataka mtu wa kushika pete kwenye pembe. Akaning'inizia pete ya shaba.

Niliingia. Kwa macho wazi nisingeweza, kwa hiyo niliyafumba, nikaweka vidole kwenye mfereji wa mama nikaufuata. Ulikuwa umelainika kama kijiko cha mbao. Nilikuwa sijawahi kuugusa kwa macho yaliyofumbwa, mimi niliyeishi humo miaka yote ile. Unyayo ukaniambia hapa jikoni, unyayo ukaniambia hapa kitandani, kisha goti likagusa kigoda nami nikawa nimefika pembeni, mgongo kwa watu, pete imebanwa kwenye jiwe.

Sauti ikaja tena. Ilikuwa juu ya kichwa changu kabisa, karibu kiasi kwamba niliisikia utosini kuliko masikioni. Miguu yote miwili ilitaka kuondoka, naapa, ilikuwa imeshaanza. Kisha nikakumbuka neno la Mama Njeri.

"Niko hapa, maitu," nikaitika.

Upepo haukutulia, chupa nyingine ziliendelea kuguna. Ile moja ikanyamaza.

Nyuma yangu nikamsikia Bwana Futi akisoma kipimo na kuandika, kama hakuna kilichotokea. Halafu nikasikia mkongojo ukigusa jiwe lenye shimo, la mlangoni. Mzee Gathogo aliingia, akapita taratibu, akakaa kwenye kigoda cha mama, akamwomba Wangari chai. Alikunywa kikombe chote mbele ya watu. Akasema, "Andika. Inakaliwa."

Tukawekwa daraja la mwisho kabisa la nyumba za mawe, chini ya maghala, lakini daraja la mawe hata hivyo, na kiwanja tukapata, hiki hapa mlichokalia. Tulikuja Ruiru wote wanne kwa mkokoteni, tukiwa juu ya mawe yetu. Jina la Tepu lilifika kabla yetu.

Hapo ndipo Wangari humalizia hadithi, kwa sababu hapo ndipo pa kuchekea. Kuna kipande ambacho sijawahi kumwambia hata yeye, naye ataacha kucheka sasa hivi, mtaona. Siku ya kubomoa nilizitoa chupa mwenyewe, kwa tindo, nizilete huku. Ile ya pembe ya mama niliitoa mwisho. Kila mtu alikuwa amekubaliana kwamba ndiyo iliyolia: nyingine zimezibwa, upepo wote umepita kwenye hiyo moja, hesabu rahisi. Hata mimi nilikuwa nimeshajifariji hivyo. Nikaishika, nikaigeuza kwenye mwanga. Shingo yake yote, tangu mdomoni mpaka tumboni, ilikuwa imejaa udongo wa nyigu, mgumu kama saruji, wa miaka mingi, labda tangu kabla baba hajafa. Niliuchokoa kwa msumari haukutoka. Hata hewa ya kumtosha siafu isingepita humo.

Nimeipachika kwenye ukuta huu wa nyuma yangu, juu pale, vile vile na udongo wake. Kuanzia siku ile nimeshakataa mambo mawili: sitamsifia mtu nyumba kwa uongo, na sitaiambia nyumba yoyote inyamaze. Na ikitokea nimekaa hapa jioni, miti imetulia, halafu sauti ile ikaanzia chini na kupanda na kuvunjika katikati, sitazami juu wala siinuki. Naitika tu, kisha naendelea na chai yangu.